Nyama ya Mbegha: Uhalisia wa The Godfather na Habari za Wakilindi

Wapenzi wa sinema wana mjadala wao usiokwisha, nao ni huu: je, filamu za The Godfather zinasema kweli? Ya kwanza ilitolewa na Francis Ford Coppola mwaka 1972, ya pili 1974, na ya tatu 1990, na chimbuko lake ni riwaya ya Mario Puzo iliyochapwa mwaka 1969. Zaidi ya nusu karne imepita, na bado watu hukaa barazani wakabishana. Mmoja atasema hivyo ndivyo majambazi wa Kiitaliano wa New York walivyoishi. Wa pili atacheka, aseme kwamba majambazi hawana heshima ile, hawasemi kwa upole ule, wala hawabusiani mikono kwa adabu ile. Kisha atamtajia mwenziwe Goodfellas ya mwaka 1990, iliyotokana na maisha ya mtu aliyekuwamo: watu walafi na waoga, wauanao kwa sababu ya mzaha uliokosewa. Huo, atasema, ndio uhalisia.

Kila upande una ushahidi wake. Puzo mwenyewe alikiri kuwa hakupata kumjua jambazi wa kweli hata mmoja. Aliyoyaandika aliyapata kwa kusoma na kuulizauliza. Lakini Salvatore Gravano, muuaji wa kweli wa New York, alisimulia kwamba alipotoka kuitazama filamu hiyo alikuwa kama mtu aliyeduwaa, kwa kuwa aliona maisha yake yameonyeshwa. Naye Diego Gambetta, mtaalamu wa mambo ya Sisilia, ameonyesha kuwa wahalifu wamejifunza mengi kutoka sinema, hata maneno na mikogo. Ikiwa hivyo, swali linageuka: filamu ndiyo iliyowafanana wao, au wao ndio walioifanana filamu? Kioo kinapomfundisha mtu namna ya kusimama, hakifai tena kuwa shahidi wa kimo chake.

Wengine hushikilia vitu. Kichwa cha farasi kitandani kilikuwa cha farasi wa kweli, kilitoka kwenye kiwanda cha chakula cha mbwa. Ni kweli. Lakini mji wa Corleone wenyewe haukutumika kupigia picha, kwa kuwa ulikuwa umekwisha kuwa wa kisasa mno. Coppola akaenda Savoca, kijiji kingine cha Sisilia, kilichofanana na Corleone ya kale kuliko Corleone yenyewe. Na neno “Mafia” liliondolewa katika filamu ya kwanza kabla haijapigwa, kwa shinikizo la chama cha Wamarekani wenye asili ya Italia. Hivyo filamu mashuhuri kuliko zote juu ya Mafia hailitaji jina hilo. Sisi wa pwani hatuna haja ya kulionea haya: kwetu Mafia ni kisiwa cha minazi na wavuvi, na jina lake halina undugu wowote na genge la Palermo.

Basi tukiupima ukweli wa kisa kwa kichwa cha farasi na kwa kofia, tutabishana hata alfajiri. Mimi naona kipimo kingine. Filamu hizi hazikusimulia ujambazi tu. Zimesimulia jinsi mamlaka yanavyozaliwa. Mtu anatoa hisani, hisani inakuwa deni, deni linakuwa ulinzi, ulinzi unakuwa ushuru, na ushuru unakuwa urithi wa nyumba moja. Je, mambo huenda hivyo kweli duniani? Kulijibu swali hili hatuna haja ya kwenda New York. Tunacho kitabu kwa Kiswahili, kilichotangulia filamu hizi kwa zaidi ya miaka sitini, nacho kinasimulia ukoo mmoja tangu mwindaji mkimbizi hata wajukuu waliochinjana. Kitabu hicho ni Habari za Wakilindi.

Aliyekiandika ni Abdallah bin Hemedi ’lAjjemy, mtu wa pwani aliyepanda bara, akakaa na mtawala Semboja huko Mazinde, na baadaye akatumikia serikali ya Wajerumani mjini Tanga. Kilianza kuchapwa kwa sehemu katika miaka ya 1890; toleo linalojulikana zaidi lilitengenezwa na J. W. T. Allen, likatoka Nairobi mwaka 1962. Ni nathari ya Kiswahili safi, iendayo kwa mwendo wa msimulizi aliyeketi mkekani, na haipati wasomaji inaostahili. Huku Unguja jina la Vuga humkumbusha mtu barabara yenye jumba la sinema la Majestic. Vugha ya kitabu hiki iko kwingine: ni mji wa kifalme katika milima ya Usambara, upande wa kusini wa Lushoto ya leo, palipokuwa na makao ya wafalme wa Washambaa.

Kisa chake cha mwanzo ni hiki. Mbegha alizaliwa Nguu, na meno yake ya juu yakatangulia kuota. Mtoto wa namna hiyo huitwa kigego, na watu wa zamani walimwogopa kwa kuamini kuwa huwamaliza jamaa zake. Wazazi wake wakamficha, akakua. Lakini walipokufa, ndugu wakamnyima urithi. Akahamia Kilindi, akafanya urafiki na mtoto wa mkuu wa huko, wakawa wawili katika kuwinda nguruwe. Siku moja kijana yule akauawa na nguruwe. Mbegha akajua kuwa damu ile ataulizwa yeye, akakimbia na mbwa wake hata akaingia milima ya Usambara. Watu wakamwita mtu wa Kilindi, na uzao wake ukaitwa Wakilindi.

Msomaji aliyeitazama filamu ya pili ataruka kitini. Vito Andolini ni mtoto aliyeponea chupuchupu kuuawa, akakimbilia ng’ambo, na jina analopewa huko ni la mji alioukimbia: Corleone. Coppola na Puzo hawakumjua Mbegha, wala Abdallah bin Hemedi hakuijua Sisilia. Lakini hadithi zote mbili zimejua jambo moja, kwamba mwanzilishi wa nyumba kubwa aghalabu ni mgeni asiye na jamaa. Asiye na jamaa hana wa kumpendelea, na kwa hiyo wote humwendea awaamue. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema itakuwaje mgeni akikaa.

Mbegha alikaa. Nguruwe walikuwa wakiharibu mashamba ya Washambaa, naye akawaua. Nyama akaigawa, na wakulima wakamletea vyakula vya shamba. Waliogombana wakamwendea, akawapatanisha. Akaoa kwao. Habari zikafika Vugha, nao wakamtaka. Akiwa njiani usiku, simba akavamia, Mbegha akamuua. Na alipoingia Vugha aliingia na jina jipya, Simba. Tangu siku hiyo mfalme wa Usambara huitwa Simba Mwene. Mwanahistoria Steven Feierman, aliyeishi na Washambaa na kuandika historia ya ufalme wao mwaka 1974, ametufundisha kuisoma hadithi hii kwa makini: si cheti cha kuzaliwa cha mtu mmoja, ni fikra za taifa juu ya mamlaka. Mwindaji wa porini, mla nyama, aliyejaa hatari, anaingia katika nchi ya wakulima na hatari yake inageuzwa kuwa kinga.

Hapo ndipo pana siri yote. Mbegha hakuteka Vugha kwa vita. Aliiteka kwa nyama. Katika filamu, kijana Vito anamsemea mjane mmoja kwa mwenye nyumba aliyetaka kumfukuza. Hatozi senti. Mjane anaendelea kukaa, mwenye nyumba anapunguza kodi, na mtaa mzima unajua kuwa kuna mtu wa kwendewa. Hisani haiozi, twasema; na ni kweli, kwa kuwa hisani iliyotolewa na mwenye nguvu haiozi hata kwa watoto wa aliyepewa. Mshambaa aliyeonja nyama ya Mbegha alishiba siku moja. Mjukuu wake alikuta wajukuu wa Mbegha hawaleti tena nyama. Wao ndio wanaopelekewa. Mwindaji hulisha, simba hula. Jina lenyewe lilikwisha kuagua.

Hata hivyo haifai kumdhulumu marehemu. Ufalme wa Wakilindi haukuwa genge. Kimweri ye Nyumbai, aliyetawala tangu karibu mwaka 1815 hata 1862, aliitengeneza nchi kubwa. Wanawe aliwaweka kuwa wakuu wa wilaya, kila mmoja akijulikana kwa wajomba zake. Mashauri mazito yalikatwa Vugha. Na amri yake ilishuka hata pwani ya Tanga na Pangani, ambako aligawana mamlaka na Sultani wa Unguja. Krapf alimzuru mwaka 1848 na tena 1852, Burton na Speke wakafika mwaka 1857. Washambaa wana neno lao la kupimia utawala, kuzifya shi, yaani kuiponya nchi: mvua inyeshe, watu wasiuane, njaa isiingie. Mfalme mmoja asiye na mpinzani huiponya nchi, kwa kuwa kilicho chake hana haja ya kukipora. Wakuu wawili wakiigombea, kila mmoja hula haraka kabla mwenziwe hajala.

Nyumba ya Corleone haina mvua ya kuleta. Lakini mstari unaoitenga serikali na genge si mnene kama tunavyopenda kudhani. Mwaka 1985 Charles Tilly aliandika kwamba dola nyingi za Ulaya zilikua kwa kazi ileile ya wauza ulinzi: kuwatoza watu ili kuwalinda na hatari, na hatari yenyewe mara nyingi ni yule mlinzi. Jina la Wakilindi halitokani na kulinda, limetokana na mahali. Lakini sikio la mshairi haliwezi kuacha kusikia.

Sasa tazama tarehe. Kimweri ye Nyumbai alifariki mwaka 1862. Mwaka 1863, huko Palermo, ulichezwa mchezo wa kuigiza juu ya wababe wa gerezani, nao ndio ulioeneza neno ambalo baadaye dunia nzima ililijua kuwa Mafia. Haya yalikuwa ya wakati mmoja, na sababu zake zinafanana. Sisilia utawala wa zamani ulianguka mwaka 1860 na mpya haukuwa na mkono wa kufika kila shamba, ilhali malimau ya Palermo yalikuwa yakiuzwa Uingereza na Marekani kwa fedha nyingi. Shamba la malimau huharibiwa kwa usiku mmoja. Mwenye shamba alihitaji mlinzi, na mlinzi akajua bei yake. Usambara nako mkono wa Vugha ulikuwa umechoka, na fedha ilikuwa imehama. Zamani utajiri ulikuwa juu mlimani, katika ushuru wa wakulima. Sasa ulikuwa chini bondeni, katika njia ya misafara ya pembe za ndovu itokayo Pangani. Aliyekaa njiani alipata bunduki, na aliyekuwa na bunduki hakuhitaji tena baraka za mlimani.

Aliyekaa njiani alikuwa Semboja, mtoto wa Kimweri. Mji wake ulikuwa Mazinde, tambarare, chini ya ukingo wa magharibi wa milima. Kiti cha Vugha alikipata Shekulwavu, mjukuu wa Kimweri, kwa kuwa baba yake alitangulia kufa. Semboja alikuwa ammi yake. Ammi akapanda mlima, kijana akakimbia, akafa ukimbizini. Na Semboja, jambo la kustaajabisha, hakukaa Vugha. Alimweka mwanawe Kimweri Maguvu katika kiti cha enzi, yeye akarudi Mazinde kwenye biashara. Alijua kuwa kiti kimekuwa mapambo, na mamlaka yamehamia dukani.

Hapa tena filamu inapasi mtihani. Vito alikuwa mtu wa mtaa. Mwanawe Michael ni mtu wa kampuni na mahoteli, na kadiri biashara inavyokua ndivyo nyumba inavyopungua. Katika filamu ya pili anaamuru ndugu yake wa damu auawe. Watazamaji wengine husema hilo ndilo lisiloaminika, kwamba hakuna mtu angeweza kuutaja ukoo kila siku kisha akauua. Wasome Habari za Wakilindi. Wajomba na wapwa, ammi na watoto wa ndugu, wote walipigana kwa jina la nyumba moja. Panapogombewa urithi, damu huwa nzito kuliko maji kwa sababu ndiyo inayomwagwa.

Lakini kuna mtihani ambao filamu inaushindwa, na kwangu ndio mkubwa. Katika filamu ya kwanza wakuu wa koo zote wanakutana kujadili biashara ya madawa ya kulevya. Mmoja wao anasema afadhali yauzwe kwa watu weusi peke yao, kwa kuwa hao, kwa maneno yake, ni kama wanyama. Hakuna anayempinga. Kikao kinaendelea, kamera inaendelea, na sisi watazamaji, tulio na ngozi ileile, tunaendelea kungoja Don Corleone atasema nini. Sentensi moja, basi. Katika saa karibu tisa za filamu tatu, mlango wa nyumba ya hao waliouziwa haufunguliwi hata mara moja. Tunamjua aliyetoza, aliyetozwa hatumjui. Ndiyo maana tunatoka tukimpenda Don.

Abdallah bin Hemedi naye alikuwa mtu wa ndani. Alikula katika nyumba ya Semboja, na mtu hawezi kumtarajia alitukane sinia. Hata hivyo kitabu chake hakikuufunga mlango. Kimesimulia Kiva, yaani maasi ya Wabondei mwishoni mwa miaka ya 1860, walipowainukia Wakilindi waliokuwa wakiwatawala, wakawaua na kuwafukuza. Kimesimulia jinsi nchi ilivyokuwa baada ya hapo: kila mkuu mdogo akitafuta bunduki, na bunduki hainunuliwi kwa mahindi. Ilinunuliwa kwa pembe, na pembe zilipopungua ilinunuliwa kwa watu. Wakuu waliwauza raia zao wenyewe. Mjukuu wa yule aliyeshibishwa nyama na Mbegha alifungwa kamba na mjukuu wa Mbegha, akateremshwa Pangani.

Na kutoka Pangani alikwenda wapi? Hili ndilo swali ambalo sisi wa visiwani hatuwezi kulipitia juu juu. Alivushwa kuja kwetu. Mwezi wa Aprili 1872 dhoruba iliing’oa mikarafuu ya Unguja, ya Pemba ikasalimika, na Pemba ikawa shamba kubwa lenye njaa ya mikono. Mwaka 1873 Sayyid Barghash alitia saini mkataba wa kupiga marufuku kuvusha watumwa baharini, lakini majahazi yaliendelea kupenya usiku, na wengine walibakishwa Pangani kwenye mashamba ya miwa. Malimau ya Palermo yalimzaa mlinzi. Karafuu zetu zilimnunulia Semboja baruti. Tunapoisoma vita ya Vugha kama ugomvi wa watu wa bara, tunafanya kama kamera ya Coppola: tunakaa chumba cha mbele, na mlango wa nyuma tumeufunga.

Mwisho wa kisa ni wa haraka. Semboja alikufa mwaka 1895. Mwaka huohuo Wajerumani walimnyonga mwanawe Mputa, aliyekuwa amerithi kiti cha Vugha, wakamweka Kinyashi wa upande wa pili wa ukoo. Wao walikuwa wameingia kwa hati ya mfalme wao ya mwaka 1885, na hati hiyo iliitwa hati ya ulinzi. Nchi waliyoitwaa waliiita nchi ya ulinzi, na askari wao jeshi la ulinzi. Unguja na Pemba nazo zikatiwa chini ya himaya ya Waingereza mwaka 1890, na himaya ni ulinzi uleule kwa Kiarabu. Mlinzi mkubwa alikuja akawala walinzi wadogo. Usifu wa koo ukageuzwa utumishi wa kulipwa mshahara, na baada ya uhuru, mwaka 1963, uchifu wote wa Tanganyika ukafutwa.

Kwa hiyo nikiulizwa kama The Godfather ni filamu ya kweli, nitajibu kuwa ni ya kweli ndani ya nyumba. Namna hisani inavyozaa deni, namna mgeni anavyokuwa baba, namna biashara inavyoula ukoo, yote hayo yamo, na Wakilindi ni mashahidi. Ikifika mlangoni, ukweli wake unakwisha. Mwenye kupenda kisa cha watu wenye nguvu, kiwe cha sinema au cha tarihi, na apate lau mara moja kuuliza swali ambalo Wabondei waliliuliza kwa mikuki: nyama hii ya bure, nani atakayeilipa? Wapo katika visiwa hivi watu ambao mababu zao ndio waliolipa. Waliteremka mlima kwa miguu, wakavuka maji, wakachuma karafuu, na majina yao ya Kishambaa na Kibondei hayamo katika kitabu chochote. Tarihi yao haijaandikwa, na lugha itakayofaa kuiandikia ni hii hii aliyoiandikia Abdallah bin Hemedi.